Mama Aisikie Bahari

Jumatatu, 7 Aprili

Daftari hili sikulitaka. Nimetwishwa na daktari wa masikio. "Andika kila siku anachosikia na asichosikia," akaniambia, kana kwamba mimi ni karani wake. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi wa mahema na maturubai, mkono wangu umezoea sindano. Akasema anayeiweza sindano hashindwi na kalamu. Mtu akishavaa koti jeupe anakuambia lolote, nawe unanyamaza.

Habari yenyewe ni hii. Mama yangu, mwenye miaka sitini na tisa, masikio yake yanakwenda, na kisa si uzee. Ni cherehani. Miaka arobaini amekaa mbele ya ile cherehani kubwa ya chuma ya karakana yetu, inayotikisa meza mpaka ukuta. Daktari alichora mstari kwenye karatasi, ukashuka kama ngazi. Sauti nyembamba zimeshaondoka: ndege, kengele, watoto wakiitana. Sauti nene bado zipo. "Kwa sasa," akasema. Nikamuuliza hiyo kwa sasa ni mpaka lini. Akasema labda mwaka, labda usifike. Kile kifaa cha kuvaa sikioni alijaribishwa, akakivua kabla dakika mbili hazijaisha, akasema ameingiziwa refa kichwani anapuliza filimbi.

Muda wote daktari anazungumza, Mama alikuwa anatikisa kichwa mara mbilimbili na kusema, "Ehee, ni kweli." Mgeni angesema, mwanamke msikivu huyu. Sisi wa nyumbani tunajua. Mama akitikisa kichwa mara mbili na kusema "ehee, ni kweli", hajasikia hata neno.

Kwa hiyo nikamwambia mimi, kwenye ukumbi, kwa sauti ambayo watu wote wa kwenye benchi waligeuka. "MASIKIO YANAKWENDA, MAMA!" Akanitazama. "Sasa mbona unanigombeza?"

Tulipofika nje aliniomba kitu kimoja. Mama yangu si mtu wa kuomba. "Kabla hayajafunga duka," akasema, akigusa sikio, "nipelekeni nikalale kwenye hema kando ya bahari. Nataka niisikie mara moja tena."

Nimesema ndiyo. Mvua zikiisha, likizo ya Juni, tunakwenda.

Alisikia: lori. Hakusikia: kengele ya baiskeli. Nilimvuta mkono.


Jumanne, 8 Aprili

Alisikia: radi. Hakusikia: mvua juu ya bati, na ilikuwa ya kutoboa. Aliuliza kwa nini ua umelowa.


Jumapili, 13 Aprili

Kikao cha familia sebuleni kwangu, mvua ikimwagika. Waliohudhuria ni Mama. Mdogo wangu, tunayemwita Kinyozi kwa kuwa ndiyo kazi yake, na pia kwa kuwa ulimi wake unakata kuliko wembe. Mume wangu, dereva wa basi dogo la shule. Na binti yetu wa miaka kumi na minne, aliyehudhuria kiwiliwili tu, roho ikiwa kwenye simu.

Ajenda ilikuwa moja: twende kambi gani.

Kinyozi alikuja na jibu tayari, kama kawaida yake. Kuna kambi kando ya barabara kuu, ina bwawa la kuogelea, taa za rangi na televisheni ya ukubwa wa mlango wa gereji.

"Na bahari?" nikamuuliza.

"Ipo. Unavuka barabara tu."

"Mama anakwenda kusikia bahari, haendi kusikia mpira."

"Dada, nawe! Sikio la kufa..." Akajiuma ulimi. Nilimkodolea macho mpaka akanywea kwenye kiti.

Mama, tuliyedhani yuko kwenye dunia yake, akaweka kikombe chini. "Malizia basi. Halisikii dawa." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Sijui alimsikiaje. Mimi kumwambia chai iko tayari inanibidi nipasue koo.

Mume wangu alitoa mchango mmoja: popote, mradi basi lipate pa kugeuzia. Mkuu wa shule amemwazima kwa sharti lirudi limeoshwa.

Nikawaambia hapa hachagui mtu, itachagua orodha. Marehemu Baba aliiandika kwa penseli ya seremala kwenye ukuta wa karakana, juu ya meza ya kukatia, na tangu niko mdogo naisoma kila siku: "Kabla hujasimamisha hema. Moja, ardhi iwe tambarare. Mbili, udongo ushike kigingi. Tatu, pasiwe na upepo. Nne, maji yasifike. Tano, choo kisiwe mbali. Sita, kimya." Hiyo ya sita aliieleza mwenyewe: mteja akikosa usingizi, atalaumu hema. Hajawahi mteja kufuata orodha ya Baba akarudi na malalamiko.

"Mchagua nazi hupata koroma," akasema Kinyozi akivaa viatu.

"Na asiyechagua hupata televisheni," nikamjibu. Aende zake huko.


Jumatano, 16 Aprili

Alisikia: mlango wa karakana ukibamizwa. Hakusikia: mimi, mara tatu. Ya nne nilikasirika, akaisikia.


Jumamosi, 19 Aprili

Nimeshinda kwenye simu. Nimezichuja kambi tisa zikabaki mbili.

Ya kwanza iko ndani ya ghuba. Msimamizi wake ana sauti laini utadhani anambembeleza mtoto. Nikamwuliza orodha yote. Ardhi? Tambarare kama meza. Udongo? Kigingi kikiingia hakitoki. Upepo? Miti imezunguka pande tatu. Maji? Hayajawahi kufika kwenye mahema. Choo? Hatua ishirini. Kelele?

"Kwetu ni kimya, mama," akasema. "Ukidondosha kijiko kinasikika kambi nzima."

Moyo wangu ukatulia. Hakuna muziki, hakuna barabara, hakuna jenereta. Mama hatakuwa na kitu kingine cha kusikia isipokuwa bahari. Hiyo ndiyo akili, siyo bwawa na taa za rangi.

Ya pili iko juu ya miamba. Simu ilipokelewa na mama mmoja aliyekuwa anapiga kelele kama yuko sokoni, na nyuma yake mvumo usiokatika. Nikamwambia, "Mama, zima kwanza hiyo redio tusikilizane!"

"Redio gani?" akasema. "Hiyo ni bahari!"

Sijamaliza kucheka mpaka sasa. Alikuwa mkweli lakini, Mungu ambariki. Ardhi ina mteremko. Udongo ni mawe, vigingi vinakataa. Upepo upo wa kutosha na wa kugawa. Maji yakijaa, povu linarushwa mpaka kwenye mahema ya mbele. Choo kiko juu, ngazi thelathini na mbili. "Na usiku, mwanangu, nisikufiche, wengine huwa wanahama."

Nikachora alama ya kukosea mara sita. Kama hata simu haipokeleki, mtu atalalaje?

Nimeweka nafasi ghubani, siku mbili, Juni sita na saba. Nimemwandikia Mama kwenye karatasi: PAMEPATIKANA. Ameibandika kwenye cherehani.


Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Alisikia: radi ya saa tisa. Hakusikia: radi ya saa kumi. Ya saa kumi ilikuwa mbali, najiambia.


Jumapili, 4 Mei

Leo nimepata kisa ambacho sijawahi kukisikia kizima. Tulikuwa tunakata turubai la hema letu la safari, mimi na Mama, vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu: kijani, buluu, na kahawia ya hema la harusi iliyovunjika. Nikamwandikia ubaoni: kwa nini bahari?

Akaacha mkasi. Akasema hema la kwanza yeye na Baba walilolishona kwa mikono yao, hawakumwuzia mtu kabla hawajalijaribu. Walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Wakapanda gari la mizigo na hema mapajani, wakashuka walipoona bahari, wakasimamisha pale pale.

"Baba yako alikuwa hajui kitu," akasema, anacheka. "Tumeweka hema kwenye mteremko, tunalala tunateleza kama samaki kwenye sinia. Vigingi havishiki, ni mawe matupu. Upepo, mama yangu! Maji yakajaa yakatulowesha miguu. Nikibanwa haja napanda mlima. Na kelele je? Mawimbi yanapiga mpaka unayasikia kifuani. Hema likaanguka. Tukajifunika lile turubai lililoanguka, tukakaa chini yake mpaka asubuhi. Hatukuwa tunasikilizana, ikabidi kila mmoja amsemee mwenzake sikioni."

Akaushika tena mkasi. Halafu akasema, "Aliniambia mambo mengi usiku ule. Sijawahi kucheka vile tena."

Nilitamani nimwulize aliambiwa nini. Lakini kuandika swali la namna hiyo kwa chaki, kwenye ubao wa vipimo, niliona si adabu.

Alisikia: mkasi mkubwa. Hakusikia: mkasi mdogo.


Jumapili, 11 Mei

Tumegombana. Hema limekwisha, zuri, lina rangi tatu, na mimi nimelishona mwenyewe. Nimeingia karakana asubuhi nikamkuta Mama amefumua pembe zote nne.

"MAMA! KULIKONI?"

"Pembe zishonwe mara mbili, na ngozi katikati."

"TUNAKWENDA GHUBANI! HAKUNA UPEPO!"

"Ehee, ni kweli," akasema, akitikisa kichwa mara mbili, na akaendelea kufumua.

Hapo sikujua kama hakusikia au alisikia akanipuuza. Mtu anayepoteza masikio ana ujanja wake, na Mama ameuvumbua mapema. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Niliporudi alikuwa ameinama kwenye cherehani, kiganja cha kushoto kimelala juu ya meza. Ndivyo anavyofanya kazi siku hizi. Mshono ukiruka, mimi nausikia. Yeye anauhisi kwa kiganja, kwenye mtikisiko wa meza. Alisimamisha mashine ghafla, akarudi nyuma inchi mbili, akashona upya. Nikaenda kuangalia. Kweli, uzi ulikuwa umeruka mara moja.

Nimemwachia pembe zake. Hasira zikaisha zenyewe, nikabaki naitazama mikono yake. Nampenda huyu mwanamke kiasi kwamba naona hasira anapozeeka. Ndiyo, nimeandika. Daktari akisoma, shauri yake.


Jumamosi, 17 Mei

Nimejifunza kitu, na aliyenifundisha ni Kinyozi, ndiyo maana inaniuma kuandika.

Alikuja kumpunguza Mama nywele uani. Mimi niko jikoni, nawasikia wanaongea. Wanaongea kweli, swali na jibu, Mama anacheka mahali pa kucheka. Hakuna anayepiga kelele. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Unamfanyaje akusikie?"

Kinyozi akaendelea kukata. "Naongea kwa chini. Sauti nene. Si wewe uliyetuambia daktari kasema nene bado zipo?"

"Nilisema."

"Sasa wewe, dadangu, ukipaza sauti inapanda juu, inakuwa nyembamba kama mluzi. Unampigia huko huko ambako hasikii tena."

Wiki sita nimepasua koo. Wiki sita mtaa mzima unajua habari zetu. Na maneno ya daktari nimeyaandika mimi, kwa mkono wangu, ukurasa wa kwanza wa daftari hili!

Nikainama sikioni kwa Mama, nikasema kwa sauti ya kifuani, kama mzee wa kiume, "Mama, chai iko tayari."

"Nimesikia," akasema. "Umepata mafua?"

Kinyozi alicheka mpaka akamkata Mama kidogo nyuma ya shingo. Nikamgombeza kidogo tu.


Ijumaa, 23 Mei

Mvua zimekatika. Alisikia: Kinyozi, mume wangu, lori la maji. Hakusikia: binti yetu, hata akiinama sikioni. Sauti ya mtoto haishuki. Alijaribu mara nne, kisha akaenda chumbani kwake. Nimemsikia analia, na simu ilikuwa sebuleni.


Jumapili, 1 Juni

Tumepanga mizigo. Binti amejitolea kubeba vigingi. Sijawahi kuona.


Ijumaa, 6 Juni, ghubani

Naandika jua likiwa bado halijazama, nimekaa peke yangu nyuma ya basi, kwa sababu sitaki mtu anione uso.

Tulifika saa sita mchana. Kila kitu kilikuwa kama msimamizi alivyosema. Ardhi, meza. Kigingi kikaingia kama kisu kwenye siagi. Hema likasimama kwa dakika kumi na moja, halina hata kunyanzi moja, na familia mbili za jirani zikaja kulishika na kuuliza bei. Nilijisikia mtu. Nikamwambia Kinyozi, "Koroma iko wapi?" Akainua mikono.

Mama alivaa kanga yake mpya. Tukamtolea kiti mpaka ukingoni mwa mchanga, tukakizungusha kielekee majini. Akakaa, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Sisi tukasimama nyuma yake.

Maji yalikuwa yamelala. Sijui niandikeje. Yalikuwa yanafika kwenye mchanga na kuondoka bila kusema kitu. Miti pande tatu, na upande wa nne, mbali kabisa, mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjikia na kuishia huko. Hapa kwetu yalifika yamekwisha.

Tulikaa hivyo nusu saa. Kisha nikainama, sauti ya kifuani. "Mama, unaisikia?"

Akaniangalia. Akatabasamu. Akatikisa kichwa mara mbili. "Ehee, ni kweli," akasema. "Nzuri sana, wanangu. Asanteni."

Kumbe ananidanganya. Amekaa mbele ya bahari aliyoisubiri miezi miwili, hasikii kitu, na ananidanganya ili mimi nisiumie. Binti yangu alielewa kabla sijageuka. Akaniambia, "Mama, mbona hata mimi siisikii?"

Nikamtafuta Kinyozi nimgombeze. Ndiyo, mtu wa kwanza niliyetaka kumgombeza ni yeye, kwa mazoea tu. Alikuwa amesimama maji yakimfika vifundoni, ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa bidii, kama kwamba akisikiliza sana itatosha kwa wawili.

"Dada," akasema taratibu, bila utani, "hapa hata mwenye masikio mazima haambulii."

"Nilitaka pawe kimya," nikasema. "Nilitaka asisikie kitu kingine."

"Najua."

"Orodha ya Baba inasema kimya."

Na mimi nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe ndipo nikaganda. Orodha ya Baba. Ardhi tambarare, kwa sababu waliteleza kama samaki kwenye sinia. Udongo unaoshika, kwa sababu mawe yalikataa vigingi. Pasiwe na upepo, maji yasifike, choo kisiwe mbali. Kimya. Baba hakuiandika kutoka kichwani. Alirudi kutoka usiku ule akaandika kila kilichoharibika, ili mteja asipatwe na hayo. Miaka yote hii nimesoma ukutani makosa ya usiku ule ambao tangu upite Mama hajacheka tena vile, na nikazunguka nchi nzima kwa simu kumtafutia mahali ambapo hayo yote hayapo.

Nikacheka. Kinyozi akadhani nimechanganyikiwa.

"Ile kambi ya mawe," nikamwambia. "Ya yule mama wa redio. Ilikosea yote sita."

"Iko mbali?"

Mume wangu, ambaye siku nzima hajasema maneno kumi, alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni. "Saa moja na nusu," akasema. "Tunaondoka asubuhi. Basi litageuzwa hata kwa kusukumwa."

Alisikia: mlango wa basi. Hakusikia: bahari. Nalaumiwa mimi.


Jumamosi, 7 Juni, kwenye miamba

Tulipofika saa nne asubuhi, yule mama alikuwa amesimama getini, mfupi, mnene, kilemba kimefungwa kwa kamba ili upepo usikichukue. Nikajitambulisha kwa kupiga kelele.

"Ahaa!" akasema. "Wewe ndiye wa redio!" Akanishika mkono mpaka mahali pa mahema, akicheka njia nzima.

Mahali pabaya namna hii sijapata kuona. Nakiri kwa kinywa cha fundi. Mteremko ulitaka kunilaza. Vigingi vilipinda vitatu, tukaacha, tukafunga kamba kwenye mawe makubwa aliyoyaviringisha mume wangu. Upepo uliliingia hema mara ya kwanza ukalinyanyua pamoja na Kinyozi, akabaki ananing'inia kwenye kamba, anaapa kwa majina ya wateja wake wote. Mara ya pili liliangukia basi. Mara ya tatu likasimama, limepinda kidogo, linapiga makofi. Nikazunguka kuangalia pembe. Zote nne zilikuwa zinavutwa kwa nguvu za kuchana turubai lolote. Mshono wa Mama, mara mbili, na ngozi katikati, haukusogea.

Mama alikuwa bado ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele, vioo vimefungwa. Hakujua tunakwenda wapi. Tulimwambia tumesahau kitu.

Yule mama wa kambi alisema maji yatajaa saa nane mchana, na hapo ndipo penyewe. Tukamsubirisha Mama kwa chai. Saa nane kasoro, Kinyozi akafungua mlango wa basi, akampa mkono. Mama alishuka. Mguu wa kwanza ulipogusa mwamba akasimama. Akautazama ule mguu. Kisha akainama kidogo upande, kama anavyoinama juu ya meza ya cherehani kukamata uzi ulioruka.

"Nini hicho?" akauliza.

Akatembea mwenyewe, bila mkono wa mtu, mpaka hemani, akaingia, akajilaza kwenye mkeka kichwa kikielekea majini. Sisi tulibaki nje, na kamba. Ilibidi zishikwe. Mimi na Kinyozi upande wa upepo, mume wangu na binti upande wa pili.

Na hapo, kwa kuwa sisi ni sisi, tukaanza kugombana. Kinyozi anasema kamba yangu imelegea. Mimi nasema yake. Mume wangu anasema wote wawili tumekosea. Binti anapiga kelele kwamba povu limemloweshea simu. Chini yetu bahari inapiga mwamba, inarudi, inapiga tena, na sisi juu yake tunapaza sauti kama wauza samaki.

Sauti ya Mama ikatoka ndani ya hema.

"Nyamazeni!"

Tukaganda.

"Nyamazeni jamani, mnapiga kelele! Siisikii vizuri!"

Sikumbuki mara ya mwisho Mama alituambia tupunguze sauti. Miaka mingi ni pazeni, semeni tena, mnanong'ona nini. Kinyozi alifumba mdomo wake, yeye ambaye hata usingizini anaongea. Binti akaweka simu iliyolowa chini ya jiwe, akamwachia baba yake kamba kwa ishara, akatambaa akaingia hemani. Nilichungulia pale mlango unapopiga makofi. Alikuwa amelala kando ya bibi yake. Hakujaribu kusema kitu. Mama alikuwa amemshika mkono na anaugonga taratibu kwenye mkeka kila wimbi linapopiga. Hili. Na hili. Na hili. Hakuchelewa hata moja. Kisha akainama sikioni kwa mtoto akaanza kumsimulia kitu, na wote wawili wakacheka.

Sasa ni saa kumi. Maji yanaanza kurudi, lakini mvumo bado upo. Mama amelala, hajalala, sijui. Macho yamefumbwa na mdomo unatabasamu. Naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana herufi zimepinda. Daktari atanisamehe.

Alisikia: bahari. Hakusikia: mimi, nje ya hema, nikilia na kamba mkononi.